Albamu ya Mke wa Robi

"Shemeji, maksai wa kulimia unamuuza ili mwanamke akaimbe?"

Magige aliuliza akiwa amesimama katikati ya ua, na alipopewa kigoda alikataa, maana mtu aliyeketi hawezi kugomba vizuri. Robi alikuwa anapepeta ulezi. Aliendelea kupepeta. Pembeni yake walikuwepo majirani wanne watano waliokuja kuomba moto, chumvi na habari, kwani nyumba ile ya Gorong'a haikukosa watu hata siku ya mvua. Birika la Robi lilipoa tu siku anayoumwa.

"Maksai ni wangu au ni wako?" Robi akauliza.

"Ni wako. Ila aibu ni yetu sote."

Magige alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Robi, na tangu msiba ule aliona kila ng'ombe anayetoka zizini kwa Robi lazima apite kwanza kichwani mwake. Robi hakuzaa mtoto wa kiume. Badala ya kuiacha nyumba izimike alifanya kama wanawake wengi wa Kikurya walivyofanya kabla yake: alitoa ng'ombe, akaoa. Mke wake aliitwa Boke, alitoka Kenyamonta akiwa na nguo mbili na sauti. Boke alimwita Robi mama, Robi akamwita mke wangu, na Gorong'a nzima iliona sawa, kwa sababu nyumba ntobhu, ya mwanamke kuoa mwanamke anayehesabiwa mkwe wake, si jambo geni huko. Jambo geni lilikuwa kuimba. Tena si kwaya, wala ngoma za harusi. Boke aliimba nyimbo za taratibu, peke yake, kama mtu anayeongea na moyo wake huku mlango uko wazi.

"Atatoa albamu," Robi alisema. "Nyimbo kumi. Studio, Sirari."

"Nani atasikiliza? Nyimbo zenyewe zinakwenda kama kobe mgonjwa!"

Majirani wakacheka. Robi angeweza kuvumilia matusi, lakini kicheko cha watu wanaokunywa chai yake kilimpandisha hasira. Akaweka ungo chini.

"Sikiliza, Magige, na nyie mnaocheka mshuhudie. Siku ya kuizindua, ua huu usipojaa watu, Boke ataacha kuimba moja kwa moja na mimi sitafungua mdomo tena. Ukijaa, wewe ndiye utakayefunga wa kwako."

"Wajae kwa hiari yao. Si kwa kuitiwa pilau."

"Hakuna pilau! Chai kavu!"

"Haya, mura," Magige alisema kumwambia kijana mmoja pale, "umesikia. Chai kavu." Akaondoka anatabasamu.

Boke alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mwiko mkononi, amesikia yote. Watu walipotawanyika alikuja akakaa chini karibu na ungo.

"Mama, umeniweka rehani."

Robi alikosa pa kuweka macho. "Hasira zilinitangulia, mwanangu. Nimetoa kisicho changu."

Boke akachukua chembe za ulezi zilizomwagika, akazirudisha kwenye ungo moja moja. "Sasa hata nikitaka kuimba vibaya siwezi," akasema.

*

Studio ya Obonyo ilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga, hatua chache kutoka barabara ya mpakani. Ukutani alibandika trei za mayai, mlangoni akaning'iniza mablanketi. Mashine ikiwaka, hakuna kurekodi. Wateja wa unga wakipungua na mpiga mashine akienda kula, Obonyo anapiga kelele "Twende sasa!" na kila mtu anakimbilia sehemu yake kabla gunia lingine halijafika. Nyimbo zilikatwa na kuunganishwa hivyo, katikati ya mahindi ya watu.

Obonyo alikuwa kijana mnene, mpole, mwenye ndugu wengi upande wa pili wa mpaka, na nusu ya Kiswahili chake kilivuka nao kila asubuhi.

"Wacha nikuambie, madam," alimwambia Boke siku ya kwanza. "Sauti iko. Iko kabisa. Lakini hii kitu ni slow. Watu wa Sirari wanataka kuruka. Niongeze biti kidogo?"

"Usiongeze."

"Kidogo tu, kama chumvi."

"Obonyo, mimi siimbi ili watu waruke. Naimba ili watu wakae."

Obonyo akakuna kichwa. "Basi hiyo inaitwa soul. Wamarekani weusi walitoka nayo kanisani wakaja nayo mtaani. Huku kwetu sijaona mtu ametoa albamu nzima ya soul. Wewe utakuwa wa kwanza." Akawaza. "Ama wa mwisho."

Shida ikaja kwa Robi. Alikuwa ameketi kwenye pembe, mikono mapajani, ametulia kama yuko kanisani. Lakini Boke alipoanza kuimba, Robi aliitikia. "Eee!" Boke akavuta neno, Robi akaguna, "Mmh!" Boke akapanda juu, Robi akasema, "Sema, mwanangu, usiogope!"

Obonyo akasimamisha kila kitu. "Mama, tafadhali. Maiki inakusikia."

"Na mimi namsikia yeye. Mtu akieleza jambo huku wewe umekaa kama gogo, ataendelea vipi?"

Akatolewa nje. Alikaa kwenye benchi la wateja wa unga, mweupe kope na nyusi kwa unga, akiambiwa na kila anayepita kwamba mashine imezimwa kwa ajili yake. Ndani, Boke aliimba wimbo uleule mara tatu. Noti zilikuwa mahali pake, maneno mahali pake, na sauti imepoa kama ugali wa jana. Mara ya nne Obonyo alivua hedifoni, akatoa kichwa kwenye blanketi.

"Mama! Rudi ndani. Uje ugune."

"Nigune vipi?"

"Vilevile. Usibadilishe."

Robi akajipangusa unga, akaingia kwa madaha. "Na jina langu litaandikwa?"

"Litaandikwa. Robi, miguno."

Wiki ile Robi aliguna mpaka koo likakauka. Siku moja tu hakwenda, maana shamba lilikuwa limevamiwa na magugu. Jioni Boke na Obonyo walipomletea flashi asikilize, aliwaona wametulia mno, kama watu waliokula kitu bila kubakiza.

"Leo mmerekodi nini?"

"Wimbo mmoja tu, mama," Boke alisema. "Huu nimeutoa humu. Utausikia siku yenyewe."

"Mbona Obonyo ana macho mekundu?"

"Unga wa mashine," Obonyo akajibu, akageuka kuangalia ng'ombe.

*

Albamu ilipokamilika, Robi alifunga flashi kwenye kitambaa, akavaa kitenge chake kizuri, wakaenda na Boke mjini Tarime kwenye redio. Kijana wa kipindi aliwapokea bila kuvua vitu vya masikioni. Hakusema shikamoo. Alisema, "Mambo, mama," na Robi, ambaye angeweza kumzaa mama yake yule kijana, akajibu poa, kwa sababu alikuwa na shida.

Kijana akasikiliza mwanzo wa wimbo wa kwanza. "Huu unachangamka wapi?"

"Hauchangamki," Boke akasema.

"Aha. Basi ziacheni hapo."

Hapo palikuwa na boksi lililojaa flashi za watu, zimerundikana kama dagaa.

Steven wa bodaboda aliweka wimbo mmoja kwenye spika ya pikipiki yake siku mbili, siku ya tatu akaja kwa Robi amekunja uso. "Mama, wimbo wa mkeo unaniharibia biashara. Jana nimembeba mtu mzima, tena mnunuzi wa ng'ombe. Tumefika, namwambia tumefika, hashuki. Analia. Ananiambia zunguka tena." Saluni kwa Winfrida hawakuuliza juu ya sauti. Waliuliza mwanaume wa kwenye wimbo wa tano ni nani, na walipoambiwa hakuna, wakampa mmoja, mwenye duka, na mpaka jioni mke wa mwenye duka alikuwa ameshapata taarifa.

Kanisani ilikuwa mbaya zaidi. Mwalimu Felix wa kwaya alisimama kutoa matangazo, akasema bila kutaja mtu kwamba siku hizi kuna nyumba zinauza maksai kununua machozi. Watu wakageuka. Robi akainama kutafuta kiatu chake, ambacho kilikuwa mguuni.

"Hawajazichukia, mama," Boke alimwambia njiani. "Hawajui waziweke wapi. Harusini ni za polepole mno, baani zina huzuni mno, kanisani ni za kidunia."

"Na ua wangu je?"

Boke aliongeza mwendo. Tangu siku ile ya ulezi alikuwa haimbi tena akichota maji, kama mtu anayejizoesha kuacha.

Magige naye alipita kila asubuhi na salamu zake. "Shemeji, viti usikodi vingi. Utalipia hewa."

*

Jumamosi ya uzinduzi watu walikuwa wamealikwa waje mchana. Machage, mwenye spika za kukodi, alifika asubuhi mapema, akafunga turubai, akapanga viti vya plastiki mstari kwa mstari, akasimamisha spika mbili ndefu kuelekea bondeni. Boke alikuwa bafuni anaoga. Robi alikuwa nyuma ya nyumba anamenya ndizi, maana chai kavu ilimshinda moyoni.

"Nijaribu mziki?" Machage akapaza sauti.

"Jaribu!" Robi akajibu.

Machage akachomeka flashi, akabonyeza wimbo uliokuja mbele. Ukawa ule wimbo aliofichwa Robi.

"Robi weee," sauti ya Boke ikamwagika juu ya migomba, pole, nzito, bila ngoma, "Robi, ulijuaje nipo nje, mbona hata hodi sijapiga? Robi, uliniwashia taa ya nani?"

Kisu kikasimama kwenye ndizi. Mwanamke aliyeolewa katika nyumba zile hamtaji mama mkwe kwa jina lake mdomoni, wala kwa utani. Humtaja siku moja tu, siku ya kumlilia, na hapo ndipo jina lote hutoka. Robi alikuwa amekaa na Boke miaka yote ile na hajawahi kusikia jina lake likitoka kwenye koo lile. Sasa lilikuwa linatoka kwa spika mbili, na kila linaporudi linakuja refu zaidi. Akakaa chini kwenye maganda, akalia kimya kimya.

Sauti haikuishia kwake. Ilishuka bondeni, ikapanda upande wa pili. Watu waliokuwa mashambani wakanyoosha migongo. Wakatazama kwa Robi, wakaona turubai. Wakaona viti. Wakasikia Boke anamtaja mama mkwe wake kwa jina, na chini yake mwanaume ananguruma kwa uchungu, ambaye alikuwa ni Obonyo tu, kwa kuwa siku ile Robi hakuwepo wa kuguna ikabidi agune mwenyewe.

Majembe yakawekwa chini.

Boke alipotoka bafuni na taulo kichwani, ua ulikuwa unajaa. Wanawake waliingia na kuni vichwani, kanga zimefungwa kiunoni, wanaomboleza tangu barabarani. Wanaume walikuja na fimbo na mablanketi, wakasimama makundi makundi wakitazama chini. Aoko, mjane muuza dagaa, alibeba sufuria kubwa ya kupikia wafiwa. Winfrida alifunga saluni, akaja na unga. Mwalimu Felix alifika na kwaya nusu, hakuuliza kitu, akapandisha pambio. Boke alijaribu kusema, "Jamani," lakini kila aliyemfikia alimkumbatia, akamwambia, "Nyamaza, mwanangu, usiseme."

Halafu akaja Magige. Alikuja mbio na kiatu kimoja, mikono kichwani.

"Tata wane! Shemeji yangu Robi! Nimekutukana kwa ajili ya ng'ombe! Ng'ombe ni nini? Ungeniambia, ningekupa hata wa kwangu!"

Robi akatokea kona ya nyumba, kisu mkononi, macho mekundu.

"Ungenipa yupi, shemeji? Yule mwenye baka jeupe?"

Mtu alipiga yowe. Wengine walikimbia mpaka kwenye migomba ndipo wakageuka. Waimbaji wa kwaya walinyamaza mmoja mmoja, mwisho akabaki mwalimu Felix peke yake amefumba macho, mpaka alipoguswa bega. Machage akazima mziki.

*

Aibu ya Magige ilidumu kidogo tu, ikageuka hasira.

"Amekutaja!" akamnyooshea kidole Boke. "Mmesikia wote. Mkwe anamtaja mkwewe, tena akiwa hai, tena kwa spika! Huo si wimbo, ni mkosi. Na usiniambie ua umejaa, shemeji. Hawa wamekuja kwenye msiba. Hawahesabiki."

Minong'ono ikapita chini ya turubai. Wengi waliona ana haki. Robi mwenyewe, moyoni, aliona ana haki nusu, na nusu hiyo ndiyo ilimuuma.

Akamgeukia Boke mbele ya watu wote. "Kwa nini ulinitaja?"

Boke alishika taulo lake kwa mikono miwili. "Mama, huku kwetu mtu anaitwa jina lake vizuri siku moja, na siku hiyo hasikii. Mimi nilitaka usikie ukiwa na masikio."

Robi alisogea mpaka kwenye kiti cha mbele, akashikilia mgongo wake.

"Jamani, poleni kwa usumbufu," akasema. "Magige amesema kweli. Mlikuja kunizika, na mimi sijafa. Chukueni kuni zenu, chukueni unga, nendeni mkaendelee na kazi. Atakayekaa akae kwa ajili ya nyimbo, asikae kwa ajili yangu."

Akaketi, akainamisha kichwa, kwa sababu aliogopa kutazama. Akasikia viti vinasogea. Akasikia kuni zinanyanyuliwa. Akamwona Winfrida, kuanzia magotini kushuka chini, anainama kuchukua unga wake. Boke alikuwa amesimama kando ya spika kama mtu anayesubiri kuvuliwa nguo.

"Yawa! Mimi siendi." Ilikuwa sauti ya Aoko. "Mwezi wa nne nimemzika mume wangu. Wageni walikuwa wengi, nikashinda jikoni nawapikia, sikulia. Baadaye nikawa nayatafuta machozi, siyapati. Leo nimelia njia nzima kwa ajili ya Robi, halafu Robi huyo hapo, ananona. Haya yaliyobaki nirudi nayo nyumbani?" Akaweka sufuria chini kwa kishindo, akaketi juu yake ingawa viti vilikuwepo. "Imba, mwanangu. Tangu mwanzo."

Winfrida akasimama na unga wake, akautazama, akaurudisha chini. "Kuni si zimeshafika?" akasema, kama anayemjibu mtu. "Tupike tu." Waliokuwa wamefika barabarani walipoona moshi wakarudi kuuliza kuna nini.

Boke akachukua maiki. Mwanzo ulikuwa mdogo, umekwama, kama siku ile Robi alipofukuzwa studio. Alifika kwenye jina, akaliita. Robi akafungua mdomo aitikie, lakini hakuwahi. Mwanaume mmoja nyuma alisema, "Eee!" Mwanamke akaguna, "Mmh!" Wa tatu akasema, "Mwambie!" Hakuna aliyewafundisha, hivyo ndivyo walivyosikiliza mambo mazito maisha yao yote. Sauti ya Boke ikainuka juu ya miitikio ile kama imepata ngazi. Aoko alilia kwa kelele, akapenga kamasi kwenye kanga, akamwambia jirani yake, "Marehemu alikuwa ananuna sana, lakini alikuwa wangu," jirani akacheka, wote wawili wakalia tena.

Wakasikiliza wa kwanza mpaka wa kumi. Obonyo alifika mchana kwa saa iliyoandikwa kwenye mwaliko, akakuta ua umefurika, ugali umeiva, wazee wamefumba macho, akasimama mlangoni akisema, "Lakini mimi sijachelewa, jamani, sijachelewa!" Flashi alizoleta ziliisha kabla hajapata kiti. Waliokosa walirushiana kwa simu. Mwalimu Felix alimvuta Boke pembeni, akauliza kwa sauti ya chini kama wimbo wa saba unaweza kuingia kwaya, wakibadilisha maneno kidogo.

"Hatubadilishi, mwalimu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi vilevile," akasema mwalimu Felix.

Magige alikuwa amekaa ukingoni mwa turubai tangu wimbo wa pili, kofia imefunika uso. Robi alimwangalia kwa pembe ya jicho na hakumwendea. Machage alipoanza kukusanya viti, mzee mmoja mtani akapaza sauti, "Vipi, Magige, ua ulijaa haukujaa?" Watu wakasogea kusikia. Magige akavaa kofia yake vizuri. Akautazama ua, akawatazama waliobaki ambao hawakuonyesha dalili ya kuondoka, akaja mpaka alipokaa Robi na Boke.

"Shemeji," akasema, "hiyo albamu ya pili, itakuwa na nyimbo ngapi?"

"Kumi, labda. Kwa nini?"

"Nauliza tu." Akakohoa, akaangalia upande mwingine. "Mimi jina langu ni fupi. Halichukui nafasi."

"Kwangu hakuna jina fupi, baba," Boke akasema. "Mimi naimba polepole."